Bill Belichick ana hela kiasi gani hasa? Jibu kwa mwalimu wa Iringa

Kuna mwalimu wa michezo wa sekondari moja huko Iringa kaniandikia, nafupisha swali lake: "Shikamoo kaka. Mpwa wangu yuko huko Marekani, kanitumia hudi la New England Patriots, basi nikaanza kumsoma yule kocha wao wa zamani Bill Belichick. Mtandao mmoja unasema ana utajiri wa dola milioni 35, mwingine 60, mwingine 70. Nishike ipi? Na imekuwaje mtu ambaye hajacheza ligi kuu yao hata siku moja akawa tajiri kuliko wachezaji wengi? Maana mpwa wangu naye anasema anataka kusomea ukocha, sasa sijui nimtie moyo au nimwambie aache utani."

Marahaba mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni uhasibu, huu mwaka wa 14 niko Massachusetts nikiwajazia watu fomu za kodi, na huku hata kama mpira wao huo wa yai, yaani futiboli ya Kimarekani, huupendi utaujua tu, maana kwa karibu miaka ishirini Jumapili ukienda dukani ukakuta hamna watu ujue Patriots wanacheza. Kwahiyo swali lako limenikuta kwenye mambo yangu mawili kwa pamoja, hela na Belichick, nivumilie nikizidisha maneno.

Kwanza hizo namba tatu. Zote ni makisio. Hamna hata mmoja kati ya hao walioandika aliyeona akaunti ya yule mzee, deni lake la nyumba, alichowekeza, wala alichogawana na mke wake walipoachana 2006. Wanachofanya ni kuchukua mshahara uliovuma kwenye vyombo vya habari, wanazidisha kwa miaka, wanatoa kiasi fulani cha kodi na matumizi ya kubahatisha, wanaweka namba nzuri ya duara, alafu mtandao wa pili unanakili wa kwanza na wa tatu unaongeza kidogo ili uonekane una habari mpya. Mali halisi ya mtu ni alichonacho ukitoa anachodaiwa, na hapo sisi wa nje tunajua kimoja tu, tena nusunusu: alichokuwa analipwa.

Na hata hicho kwa miaka 24 hakuna aliyekijua kwa uhakika. Patriots ni mali ya mtu binafsi, anaitwa Robert Kraft, na timu ya mtu binafsi hailazimiki kutangaza mshahara wa kocha. Wachezaji ni tofauti, wana chama chao na kuna ukomo wa jumla ya mishahara kwa kila timu, 2025 ulikuwa dola milioni 279.2, kwahiyo mikataba yao lazima ihesabiwe na inajulikana mpaka senti. Kocha hayumo kwenye ukomo huo. Mwenye timu akitaka kumpa kocha milioni 5 sawa, akitaka kumpa milioni 25 sawa, mradi hela ni yake. Waandishi wa michezo walikuwa wanasema miaka yake ya mwisho pale Belichick alikuwa anapata milioni 20 na kitu kwa mwaka, wengine wakasema 25, ila karatasi hatukuwahi kuiona.

Alafu ikatokea kitu ambacho sisi wahasibu tulikifurahia kuliko hata mashabiki. Desemba 2024 mzee akakubali kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha North Carolina, pale Chapel Hill, na hicho ni chuo cha umma. Chuo cha umma mkataba wa kocha ni nyaraka ya umma. Ikatoka, tukaisoma! Miaka mitano, dola milioni 10 kwa mwaka, ila ukiangalia ndani mshahara wa msingi ni milioni 1 tu, hizo 9 zingine zimeandikwa kama nyongeza, halafu kuna bonasi mpaka milioni 3.5 kwa mwaka ikiwa timu itafika hatua fulanifulani. Na kipengele kitamu kuliko vyote: miaka mitatu ya kwanza ni garantii. Yaani milioni 30 ni zake hata wakimfukuza kesho kwa sababu ya kufungwa tu, mradi hajafanya kosa la kuvunja mkataba mwenyewe.

Hapo ndipo penye jibu lako mwalimu. Watu wanadhani kocha anatajirika kwa vikombe, hapana, kikombe kinampandisha bei tu. Hela yenyewe inatoka kwenye yale maneno machache yanayosema utalipwa hata tukikutimua. Huku wanasema kocha anaajiriwa ili aje afukuzwe, na ajenti mzuri anaandika mkataba akiwa anaifikiria siku ya kufukuzwa kuliko siku ya kusaini.

Nikupe mfano mwingine utoke kidogo kwa Belichick. Novemba 2023 chuo cha Texas A&M walimfukuza kocha wao Jimbo Fisher, wakawa wanadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za mkataba uliobaki. Milioni 75 za kutofanya kazi! Kama milioni 19 walitakiwa wazitoe ndani ya siku 60, inayobaki wanampa kidogokidogo kila mwaka mpaka 2031, na mkataba wake haukuwa na kile kifungu cha kusema ukipata kazi kwingine tunakata kwenye deni letu. Mikataba mingi kifungu hicho huwa nacho, unafukuzwa hapa, ukipata kazi kule ya nusu ya hela, wa zamani anajazia nusu iliyobaki. Fisher yeye hata angepata kazi kesho yake wale wangeendelea kumlipa vilevile. Mimi nikisoma mkataba kama ule natamani kumpigia simu ajenti wake nimpe pongezi.

Haya turudi kwa mzee wetu, maana umeuliza imekuwaje mtu hajacheza akafika hapo.

Belichick kazaliwa 1952 Nashville, Tennessee. Baba yake Steve alikuwa kocha msaidizi, tena cha kuchekesha ni kwamba Bill akiwa bado mtoto mdogo kabisa baba alikuwa anafundisha hukohuko North Carolina ambako mwana kaja kuangukia akiwa na miaka 72. Ila sehemu iliyomlea hasa ni Annapolis, chuo cha wanamaji, baba alikaa pale tangu 1956 mpaka 1989. Kazi ya Steve ilikuwa kwenda kuwachungulia wapinzani: anakaa jukwaani na karatasi, anaandika kila mpira ulikoenda, nani alisimama wapi, mguu upi ulitangulia, anarudi nyumbani na ripoti. Alikuwa bingwa wa hiyo kazi mpaka akaandika kitabu chake 1962. Sasa mtoto akiwa darasa la tatu la nne hivi anakaa na baba gizani wanaangalia filamu za mechi kwenye projekta, wanasimamisha, wanarudisha, wanasimamisha tena. Watoto wenzake wanacheza nje, yeye anajifunza kusoma timu.

Kucheza alicheza, ila chuo kidogo cha Wesleyan, huko Connecticut, kwenye daraja la vyuo ambavyo hata udhamini wa michezo havitoi. Na mchezo aliokuwa kapteni ni lakrosi, ule wa fimbo zenye wavu, sio hata huo mpira. Alisomea uchumi, akamaliza 1975.

Mwaka huohuo akaenda Baltimore Colts kuomba kazi yoyote. Kocha mkuu Ted Marchibroda akamwambia hela hamna, akaanza akilipwa dola 25 kwa wiki. Ishirini na tano mwalimu, kwa wiki, na kabla ya kodi. Kazi yake kukata filamu za wapinzani vipandevipande na kuandika kila kipande ni cha aina gani, asubuhi anamwendesha bosi kwenye gari kwenda kambini, jioni anamrudisha, wanaishi hoteli moja, na njia nzima anasikiliza wazee wanavyobishana mbinu. Colts mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 2 wakafungwa 12, mwaka ule wakashinda 10 wakafungwa 4. Sisemi ni yeye, asilani, ila wakubwa waliona huyu kijana anayelala na filamu anawaletea vitu ambavyo wenyewe hawakuvitazama.

Baada ya hapo ni kuhamahama. Detroit miaka miwili, Denver mwaka mmoja, 1979 akaingia New York Giants, na hapo ndipo akakaa miaka 12. Alipewa difensi nzima 1985. Wakachukua Super Bowl, yaani fainali ya ligi kuu, mara mbili akiwa msaidizi, na ile ya pili, Januari 1991 dhidi ya Buffalo, mpango wake wa difensi umewekwa kwenye makumbusho ya mashujaa wa mchezo huo kule Canton, Ohio. Na ukiambiwa mpango wenyewe unashangaa: aliwaambia mabeki wake wamwache yule mkimbiaji hatari wa Buffalo akimbie na mpira apate yadi mia zake, maana kila akikimbia saa inaenda na kwotabeki wao, yule mrusha pasi, hapigi zile pasi ndefu za kuua. Wachezaji walikasirika, hakuna beki anayependa kuambiwa mwache mtu apite. Matokeo 20 kwa 19, kwa pointi moja tu.

Angalia kalenda sasa. Dola 25 kwa wiki 1975, ukocha mkuu wa kwanza 1991, Cleveland. Miaka 16 katikati. Wanaopiga hesabu za utajiri huwa wanairuka hiyo 16 kana kwamba haikuwepo, wakati ndiyo inayowashinda wengi. Msaidizi anapewa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, kocha mkuu akifukuzwa na nyie wote mnafungasha, mtoto anahamishwa shule, mke anaacha kazi. Nimewahi kumfanyia kodi jamaa mmoja aliyekuwa msaidizi kwenye vyuo vidogo, fomu zake zilikuwa za majimbo matatu tofauti kwa mwaka mmoja, na jumla yenyewe ilikuwa inakaribia ya dereva wa basi. Hata pensheni, tangu 2009 ligi kuu iliruhusu kila timu iamue yenyewe kama itaendelea na mfuko wa uzeeni wa makocha au la.

Cleveland hakufanya vizuri. Miaka mitano, kashinda 36 kafungwa 44, na mwisho mwenye timu akaamua kuihamishia timu Baltimore, mji mzima ukachafuka, na Februari 1996 Belichick akafutwa kazi. Wengi walisema huyu ni msaidizi mzuri ila ukocha mkuu sio saizi yake. Mimi mwenyewe ningekuwepo ningesema hivyohivyo.

Akarudi kuwa msaidizi chini ya bosi wake wa zamani Bill Parcells, kwanza Patriots alafu New York Jets. Jets wakamwandika kwenye mkataba kabisa kwamba Parcells akiondoka wewe ndiye kocha mkuu. Januari 2000 Parcells akaondoka. Kesho yake wakaita waandishi wamtambulishe, Belichick akaja na kikaratasi kakiandika kwa mkono kwamba anajiuzulu ukocha mkuu wa Jets, alikuwa kocha mkuu kwa siku moja. Watu walimwona kichaa. Ila alishasikia Patriots wanamtaka na kule angepewa mamlaka yote. Sasa kwa kuwa mkataba unafunga pande zote mbili, ligi ikasema huyu bado ni wa Jets, mkimtaka mlipe, na Patriots wakatoa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya kuchagua wachezaji wapya mwaka ule. Kumtoa chipukizi bora kwa ajili ya kocha aliyefeli Cleveland! Kraft alichekwa kweli.

Mwaka wa kwanza akashinda 5 akafungwa 11. Mwaka uliofuata, Septemba 2001, kwotabeki wao mkubwa Drew Bledsoe akaumizwa vibaya, akaingia kijana aliyechaguliwa namba 199 mwaka mmoja nyuma, Tom Brady. Hayo mengine unayajua au utayasoma: fainali tisa, vikombe sita kati ya 2002 na 2019. Ukijumlisha na viwili vya Giants anazo pete nane za ubingwa, na boti yake kaipa jina hilohilo, VIII Rings. Mzee ana makeke yake ya kimyakimya.

Ngoja nikusimulie kitu kimoja tu cha ndani ili uone analipwa kwa ajili ya nini, maana ukimwona kwenye tivii kanuna na hudi lake unaweza kudhani analipwa kwa kununa. Fainali ya Februari 2015, Patriots wanaongoza 28 kwa 24, Seattle wako yadi moja tu kutoka mstarini, saa inakimbilia chini ya dakika moja. Kocha yeyote hapo anasimamisha saa ili akifungwa abaki na muda wa kurudisha. Belichick hakusimamisha. Kasimama pale anawatazama benchi la Seattle, anaona wamevurugika, wanaingiza watu wanatoa watu, akawaacha waungue na saa yao. Akaingiza mabeki watatu wa pembeni, mmoja ni Malcolm Butler, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua, alishawahi kufanya kazi kwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga. Wiki ile mazoezini waliigiza mchezo uleule wa Seattle, Butler akachelewa wakamfunga, na kocha akamwambia huo lazima uuwahi. Sasa Seattle wanajipanga, Butler anaona ule mpangilio, wapokeaji wawili wamesimama karibukaribu upande mmoja, anakumbuka, mpira unapotoka tu mkononi mwa kwotabeki yeye keshafika. Akaunasa. Mechi ikaisha hapo.

Nyuma ya ile sekunde moja kuna chumba cha giza na projekta ya Annapolis, na watu wanaokaa ofisini mpaka saa sita usiku wakihesabu timu fulani ikibakiza yadi moja inapenda kufanya nini. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo Kraft alikuwa ananunua.

Na tukimtaja Kraft, hapa ndipo nataka uangalie kwa makini kama kweli unazungumzia utajiri. Kraft aliinunua Patriots 1994 kwa dola milioni 172, na ilikuwa bei ya kuwashangaza watu kwa timu iliyokuwa hoi. Leo thamani yake ni mabilioni, na sehemu kubwa ya jina la hiyo timu limejengwa na Belichick na Brady. Belichick alipoondoka Januari 2024, baada ya misimu 24, hakuondoka na hisa hata moja. Kocha ni mwajiriwa. Mwajiriwa wa bei mbaya sana, sawa, ila ni kama meneja wa duka aliyelikuza duka likawa jumba la biashara alafu siku ya mwisho anakabidhi funguo. Mtu akikwambia makocha wa NFL, hiyo ligi kuu yao, ni mabilionea mwambie hapana, mabilionea ni wenye timu, wale wanaokaa kule juu kwenye vioo.

Na huo mshahara wenyewe usiuone kama ulivyo. Chukua ile milioni 10 ya North Carolina nikufanyie hesabu ya haraka kama mteja wangu. Kodi ya serikali kuu ngazi ya juu ni asilimia 37. Jimbo la North Carolina 2025 lilikuwa linachukua asilimia 4.25. Kuna na makato ya bima ya afya ya wazee ambayo hayana ukomo. Ukijumlisha zaidi ya milioni 4 zimeyeyuka kabla hujamlipa ajenti, na mwanasheria, na sisi kina mhasibu. Huku Massachusetts ni kali zaidi, tangu 2023 juu ya asilimia 5 ya kawaida kuna asilimia 4 nyingine kwa kila kinachozidi kama dola milioni moja hivi. Kwahiyo anayezidisha milioni 20 mara miaka kadhaa akaiita utajiri anakosea hapohapo.

Faini nazo zipo. 2007 Patriots walinaswa wakirekodi video za ishara za makocha wa Jets kutoka sehemu isiyoruhusiwa, ligi ikampiga Belichick binafsi faini ya dola 500,000, timu ikatozwa 250,000 na kunyang'anywa nafasi ya raundi ya kwanza. Laki tano ya dola kutoka mfukoni mwako. Mashabiki wa huku ukiwatajia hilo wanabadilisha mada, mimi siwalaumu, ila doa ni doa.

Hela za pembeni, matangazo na vitu hivyo, kwa miaka mingi hakuzikimbilia. Kuna kitu wengi hawakijui: kwenye ule mchezo maarufu wa video wa NFL jina lake na sura yake havikuwemo, kwa sababu hakujiunga na chama cha makocha ambacho ndicho kinachouza haki hizo. Karibu makocha wengine wote walikuwemo, timu ya Patriots ikaongozwa na mtu wa kubuni. Alianza kufungua milango alipoachwa bila timu. 2024 alihojiwa na Atlanta Falcons mara mbili wakamchukua mtu mwingine, basi mwaka ule akaenda kwenye tivii, akawa yuko kwenye vipindi kama vitatu vinne, na mtu ambaye mbele ya waandishi alikuwa anajibu kwa neno moja akageuka kuwa mchekeshaji. Huko napo kuna mshiko mzuri tu.

Kwanini wenye timu za ligi kuu hawakumchukua? Maoni yangu ni Brady. Brady aliondoka Machi 2020, akaenda Tampa Bay akabeba kikombe msimu wa kwanza tu, huku Belichick misimu minne bila yeye akashinda 29 na kufungwa 38, ule wa mwisho ukiwa 4 kwa 13. Jumla yake ligi na mtoano ni ushindi 333, anayemzidi ni Don Shula tu mwenye 347, na zilikuwa zimebaki 14 kuishika hiyo rekodi, lakini wenye timu waliangalia umri, wakaangalia hiyo minne ya mwisho, wakafunga pochi. Na chuoni nako ameanza vibaya, mechi ya kwanza Septemba 2025 alikula 48 kwa 14 mbele ya watu wake wakiwa wamejaa uwanja, na msimu ukaisha kashinda 4 kafungwa 8. Milioni 10 zake ziliingia vilevile. Tena mtoto wake Steve, aliyerithi jina la babu, ndiye alikuwa bosi wa difensi pale, kwahiyo familia ilikuwa kwenye orodha moja ya malipo.

Ukitaka kulinganisha na mwingine, mtazame Andy Reid wa Kansas City. Huyu naye kapitia kulekule, miaka ya 80 akiwa chuo cha San Francisco State makocha walikuwa wanauza soseji za mkate kuchangisha hela za timu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa wauzaji. Miaka 14 Philadelphia, akafutwa kazi mwisho wa 2012, ndani ya siku chache Kansas City wakamchukua, akabeba vikombe vitatu, na Aprili 2024 aliongezewa mkataba wa miaka mitano ambao iliripotiwa ni kama milioni 20 kwa mwaka. Hapo tena ni "iliripotiwa", timu ni ya binafsi, karatasi hatujaiona.

Sasa kwa hiyo ukinibana nikupe namba ya Belichick, nitakwambia makumi ya milioni, hiyo naisema bila wasiwasi kwa sababu mishahara ya zaidi ya miaka 30 ya ukocha mkuu na usaidizi wa juu, hata ukiitoza kodi na talaka na nyumba za kule kisiwani Nantucket, haiwezi kushuka chini ya hapo. Ni 35 au 70, hiyo anaijua yeye na mhasibu wake, na mhasibu wake akiitaja ananyang'anywa leseni.

Na mpwa wako. Usimkatishe tamaa ila muulize swali moja: anapenda kuangalia mechi au anapenda kuangalia mchezo mmoja mara arobaini? Kama ni la pili, aende kwa kocha wa chuo chake aombe kazi ya kukata video, hata bure, waanzie hapo wote. Asichague somo la ukocha peke yake, Belichick alikuwa na digrii ya uchumi mkononi siku anapokea zile dola 25, mlango ukifungwa awe na pa kugeukia. Na wewe mwenyewe pale shuleni, ule mpira wa bendera, wa kuvuta kitambaa kiunoni badala ya kukabana, umeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, wachezaji watano kila upande, hauhitaji helmeti wala kinga za mabegani, mpira mmoja na vitambaa unaanza. Akija likizo akufundishe.

Hilo hudi nalo, najua utaona picha za Belichick kakata mikono ya lake kwa mkasi ikaishia kwenye kiwiko, aliwahi kusema ni kwa sababu mikono yake ni mifupi. Wewe usilikate, Iringa Julai naijua.